Akaunti Isiyo na Mtu

Kila mtu hospitalini kwetu alimwita Shangazi, na karibu wote tulimwita hivyo bila haki. Mwenye haki alikuwa mmoja tu, mtoto wa kaka yake, aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa hapa. Shangazi ndiye aliyemlea baada ya kaka mtu kufariki. Kijana akimwona mwisho wa korido alikuwa akipaza sauti, "Shangazi, shikamoo," na mama wa watu anaitikia huku anaona haya, basi sisi tukalidaka jina. Baadaye kijana akapata kazi nchi nyingine, akaoa huko, akazaa huko. Jina akatuachia sisi.

Mimi nakaa mapokezi. Watu wanadhani kazi ya mapokezi haihitaji akili, nami nawaacha wadhani hivyo hivyo. Ila ukikaa sehemu moja kwa muda mrefu unajua nani anaingia na uso gani na anatoka na uso gani. Shangazi alikuwa anaingia kabla ya wakubwa na kutoka baada ya wakubwa, na uso ulikuwa uleule asubuhi na jioni. Wengine walisema anaringa. Haringi yule. Hakuwa na wa kumringia.

Alikuwa fundi wa mtandao. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa chuma wenye kibao cha kukataza watu. Ndani ni baridi ya kiyoyozi mwaka mzima, makabati marefu ya mashine zinazonguruma, meza, na sweta la kijivu lililokaa mgongoni mwa kiti. Ukikaa humo kidogo masikio yanaziba kwa ule mngurumo, na ukitoka unajikuta unaongea kwa sauti kubwa bila sababu. Yeye alikuwa haongei kwa sauti kubwa. Sijui humo ndani angeongea na nani.

Kazi yenyewe aliwahi kunieleza vizuri, na mimi nikielezwa vizuri naelewa. Hospitali ina mashine zinazotunza mafaili ya wagonjwa, nyingine picha za eksirei, nyingine majibu ya maabara, na hata jokofu la damu lina kifaa kinachosema joto limefika wapi. Zote zimeungwa kwa nyaya na visanduku vinavyoitwa swichi. Kimoja kikifa, kinakufa kimya kimya. Unakuja kujua daktari anapotafuta picha ya mtu aliyevunjika mguu na picha haipo. Kwa hiyo Shangazi aliweka programu ambayo kazi yake ni kuzunguka kwenye mashine zote, mchana na usiku, ikiuliza kila moja: upo, hali yako vipi? Iliyo salama inakuwa kijani kwenye kioo cha kompyuta yake. Isiyojibu inakuwa nyekundu, na papo hapo ujumbe unaingia kwenye simu. Nilimwambia hiyo ni kama nesi wa zamu. Akasema ndiyo, ila huyu haendi kunywa chai.

Sasa, programu ya namna hiyo haizunguki hivi hivi. Kila mashine inaiuliza: wewe nani, na nani amekuruhusu kuniuliza hali? Lazima iwe na akaunti, yaani jina na neno la siri, na lazima akaunti hiyo ipewe ruhusa. Siku Shangazi anaiweka, ilikuwa siku mbaya. Eksirei zilikuwa zimegoma tangu asubuhi, daktari mkuu amemsimamia nyuma ya kiti akipumua. Programu ikauliza itumie akaunti gani. Shangazi akaiandikia ya kwake. Akaunti yake mwenyewe ya fundi mkuu, yenye ruhusa zote, za kusoma, kubadili, kufuta na kuzima. Akajiambia kesho atatulia aitengenezee akaunti yake ya peke yake, kama inavyotakiwa. Mafundi wote wana kesho ya aina hiyo, na kesho hiyo haikufika.

Tangu hapo programu ilizunguka hospitali nzima kwa jina lake. Yeye amekaa kantini anakula, huku mashine zinaandika kwamba ameingia maabara, ametoka, ameingia stoo ya dawa, ametoka. Kuna siku alibadilisha neno la siri, maana sheria inalazimisha kulibadilisha kila baada ya muda, akasahau kuiambia programu. Programu ikaendelea kubisha hodi kwa neno la zamani, mara hii, mara ile, mpaka mfumo ukaona huyu ni mwizi, ukaifunga akaunti. Shangazi akabaki nje ya mitambo yake mwenyewe, na aliyemfungia nje ni yeye. Tulimcheka sana. Alicheka pia, ila kuanzia siku ile hakuthubutu kwenda likizo ya mbali. Likizo alikuwa anakaa nyumbani na simu, neno la siri lisije likaisha muda akiwa safarini.

Na ule ujumbe wa hatari ulikuwa unatumwa kwa akaunti hiyo hiyo. Kwa hiyo simu yake ikilia, kwenye kioo linatokea jina lake. Siku moja tukiwa mezani kantini niliona, nikamuuliza huyo nani mnaitwa sawa. Akaigeuza simu kifudifudi.

"Ni mimi," alisema. "Najiandikia."

Niliwahi kufika kwake mara moja, alipougua homa. Alipanga vyumba viwili nyuma ya jengo la maduka, visafi mpaka unaogopa kukaa. Jikoni kikombe kimoja kimefunikwa kwenye kitambaa, na sahani moja. Nilipotafuta kikombe cha pili ilibidi aniambie kiko juu ya kabati, ndani ya mfuko. Simu yake ilikuwa kwenye stuli karibu na kitanda, juu ya sinia ya bati, ili ikitetemeka ipige kelele. Nilikuwa nachemsha chai iliposhtuka ikacheza juu ya bati. Mgonjwa aliyekuwa hawezi kuinua shingo akainuka. Akasoma, akasema ni swichi ya wodi ya watoto, akaanza kubonyeza, na kwa dakika zile homa ilikuwa hamna. Nilimwonea huruma, na niseme ukweli, nilikasirika pia. Mtu hafai kuchangamkia swichi namna ile. Nikamuuliza kama mwanawe, yule wa kaka yake, amepiga kumjulia hali. Akasema anapiga akikumbuka, halafu akamtetea haraka, kwamba ana watoto wadogo na kazi za huko hazina huruma.

Mwaka wa kustaafu ulipofika, utawala ulituletea fundi mwingine kutoka tawi lingine. Sisi wa chini tulimpa jina Bwana Ratiba kabla hajamaliza kujitambulisha, kwa sababu alikuwa anakula kwa saa, anatembea kwa saa, na saa ya kuwachukua watoto wake shuleni ikifika hata jengo liungue yeye anakwenda. Nilitaka sana kumchukia, akaninyima nafasi. Alikuwa mpole, anasalimia mpaka wafagiaji, na alimheshimu Shangazi kama mtu anavyomheshimu mama yake mkubwa.

Huyo ndiye aliyeuliza swali lililokuwa halijaulizwa na mtu: hii programu inatumia akaunti ya nani? Shangazi akamwambia. Bwana Ratiba akakuna kichwa. Alieleza, kwa adabu zote, kile ambacho Shangazi alikuwa anakijua zamani. Siku ya mwisho ya kazi, alasiri, ofisi ya utumishi itaifunga akaunti yake, kama inavyofunga ya kila anayeondoka. Ikifungwa, programu haina kitambulisho. Kila mashine itaikataa. Kioo kizima kitageuka kijivu, rangi ya mashine ambayo ipo lakini haitaki kusema na wewe, na hospitali itakuwa haijioni. Jokofu la damu linaweza kupata joto na asiambiwe mtu. Kwa hiyo kabla ya siku ile programu itengenezewe akaunti yake, isiyo ya mtu yeyote.

"Akaunti isiyo na mtu," Shangazi alinieleza siku ile tukila. "Haistaafu, haiumwi, haihami. Hakuna anayekaa kwenye kompyuta akaitumia, imekatazwa. Neno lake la siri ni refu halina maana, hata mimi silijui kwa kichwa. Na ruhusa yake ni kuuliza hali tu. Inauliza hali, inaondoka."

Nikamwambia akaunti hiyo naijua, ndiyo majirani zangu. Alicheka mpaka akashika kifua. Kisha akaacha kucheka, akaanza kukusanya vijiko.

Alianza kazi ile kwa shingo upande. Leo ana mafua, kesho anasubiri kibali, kesho kutwa nyaya za maabara zinahitaji kupangwa upya kwanza. Bwana Ratiba alimvumilia, kisha akaanza kumkumbusha, kisha akaja mapokezi kuniuliza kama mzee ana tatizo nyumbani. Nikamwambia hana tatizo nyumbani. Sikumwambia kwamba nyumbani hana chochote.

Lakini alipoanza, alianza kweli. Ilibidi kila mashine iambiwe peke yake: huyu mgeni asiye na mtu ana ruhusa ya kukuuliza haya, basi. Ukimpa ruhusa ndogo kupita kiasi, mashine inajibu nusu. Inasema ipo, lakini inaficha kwamba diski imejaa. Mafundi wengi wakichoka hapo wanaipa akaunti ruhusa zote, kila kitu kinakuwa kijani, wanakwenda zao. Bwana Ratiba mwenyewe alishauri hivyo, muda ulikuwa umebana, akasema watapunguza baadaye. Shangazi akakataa. Alimwambia hiyo baadaye anaijua, ndiyo iliyowafikisha pale. Akawa anatoa ruhusa moja, anarudi kwenye kioo kutazama, anaongeza moja, anatazama tena, mpaka mashine iseme yote yanayohitajika na isikubali hata moja zaidi. Kila aliyomaliza aliiandikia maelezo: nimeipa ruhusa gani, kwa nini, na isipokuwepo utaona nini. Bwana Ratiba alikuwa anatutangazia kantini kwamba tangu azaliwe hajaona mtu anayeandika maelezo namna ile.

Basi kadiri mashine zilivyohamia kwenye akaunti mpya, ndivyo simu yake ilivyonyamaza. Ujumbe sasa ulikuwa unakwenda kwenye simu ya zamu, kwa jina la akaunti isiyo na mtu. Mezani Shangazi anaweka simu karibu na sahani, anakula, anaitazama, anaigusa, anaendelea kula. Siku moja aliniomba nimpigie ajue kama inafanya kazi. Nikampigia pale pale, tukiwa tumekaa tunatazamana. Ikalia. Tukacheka wote wawili, lakini chakula changu kilikuwa kimeshaniharibikia.

Siku mbili tatu kabla ya kuondoka alinivuta pembeni ya ngazi, akaniambia jambo ambalo hakumwambia mwingine. Mashine zote zimehama isipokuwa moja. Swichi ya jengo la kufulia ameiacha kwenye akaunti yake, makusudi. Hakuna mgonjwa atakayekufa kwa shuka, alisema, alishafikiria. Akaunti ikifungwa, ya kufulia itakuwa kijivu. Bwana Ratiba ataitazama, atashangaa kwa nini ile moja tu.

"Itabidi anipigie," alisema. "Atataka kujua niliiwekaje."

Nilimkasirikia. Nilimwambia kama anataka kupigiwa simu si aseme, watu wazima wanasema, amwambie Bwana Ratiba awe anampigia, amwambie mwanawe, aniambie mimi.

"Nikisema nitakuwa nimeomba," alinijibu. "Akinipigia mwenyewe kwa shida ya kazi, sikuomba."

Mtu amefanya kazi ya watu bila kosa mpaka siku za mwisho, na kosa alilolitaka ni dogo kiasi kile.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika chumba cha mikutano. Kulikuwa na keki, soda, na hotuba ya daktari mkuu, aliyemwita nguzo ya taasisi na kumshukuru kwa kutunza kompyuta, jambo ambalo halikuwa hasa kazi yake. Tukampa saa ya ukutani. Mimi nilikuwa kwenye kamati na nilipinga saa, kura zikanishinda. Baada ya hapo Shangazi akapanda juu kuchukua sweta, nami nikapanda naye kumsaidia kubeba. Alisimama mbele ya kioo kikubwa bila kukaa. Hatukungoja sana. Pembeni, pale panapoonyesha nani yuko ndani ya mfumo, jina lake likatoka. Halikuleta kelele yoyote. Mashine zote zikabaki kijani, na chini kabisa kwenye kona, moja ndogo ikageuka kijivu. Bwana Ratiba alikuwa ameshakwenda shuleni kwa watoto. Shangazi aliitazama ile kona, akaridhika, tukashuka na saa yetu.

Kesho yake asubuhi alipiga mapokezi. Akauliza kama tuko salama. Nikasema tuko salama. Akauliza kama fundi amefika, nikasema amefika, yuko juu. Kisha akauliza kama fundi hajaulizia kitu. Nikasema hajaulizia. Akasema haya, nikasikia anasita kukata.

Akapiga tena, safari hii kuuliza kama alisahau mwavuli. Tulijua wote wawili kwamba hana mwavuli. Akapiga kuuliza kama umeme ulikatika upande wetu. Kila mara ananiuliza ya mwisho ile ile, kwa sauti ya kutojali, kama Bwana Ratiba hajamtafuta. Nilifikiria kupanda juu nikamwambie yule bwana ampigie. Nilifika hata kwenye ngazi. Lakini simu ya kusukumwa na mimi isingekuwa ile aliyokuwa anaingoja, na angejua. Ana masikio ya kujua.

Kisha akaja mwenyewe. Alikuwa amevaa gauni la kutokea na mkoba mkononi, amesimama kwenye foleni ya wageni kama wagonjwa. Wakati huo tulishaletewa utaratibu mpya: asiye na kadi ya mfanyakazi anapewa kadi ya mgeni, na haipewi mpaka aseme anakwenda kumwona nani. Nilimfanyia ishara apite pembeni. Alikataa, akangoja zamu yake, na alipofika mbele yangu akaniambia nimuulize kama ninavyowauliza wengine. Nikaona anajikaza, nikamuuliza.

"Fundi," alisema mwishowe.

Miaka yote pale kwetu mtu akisema anamtaka fundi, aliyetakiwa alikuwa yeye. Nikampa kadi. Ghorofa ya juu mgeni haendi bila kusindikizwa, kwa hiyo nikamwachia mwenzangu kaunta, nikapanda naye.

Bwana Ratiba aliinuka kwa furaha ya kweli, akamwamkia, akampisha kiti chake. Mezani palikuwa na picha ya watoto wake wamevaa sare za shule. Shangazi akauliza habari za mitambo. Bwana Ratiba akamgeuzia kioo aone mwenyewe, na chote kilikuwa kijani. Macho ya Shangazi yakakimbilia kona ya chini. Ya kufulia ilikuwa kijani. Akainama karibu, akasoma zile namba ndogo pembeni zinazoonyesha kila mashine inachukua muda gani kujibu inapoulizwa. Kwa namba zile ndiyo alikuwa akiijua mashine inayoumwa kabla haijalala kabisa. Ya kufulia ilikuwa inajibu upesi.

"Hii ilikuwa nzima?" aliuliza. "Tangu nilipoondoka?"

"Hapana, asubuhi ile ya kwanza niliikuta kijivu," alisema Bwana Ratiba. "Nikafungua maelezo yako, pale ulipoandika ukiona kijivu angalia kwanza inatumia akaunti gani. Nikaangalia, ilikuwa bado kwako, ilisahaulika. Nikafuata ulivyoandika, ikarudi kabla sijamaliza chai."

"Hukunipigia."

"Nikupigie ya nini, Shangazi? Kila kitu umekiandika. Nilisema mama amehangaika na mitambo hii maisha yake yote, sasa nimwache apumzike. Sikutaka kukusumbua."

Alisema vile kwa moyo mweupe. Alidhani anampa zawadi, na kwa namna nyingine alikuwa anampa. Nilimtazama Shangazi nikaogopa atalia, lakini hakulia. Alimwambia amefanya vizuri, na alimaanisha, maana yeye hawezi kusifia kazi mbaya hata kwa adabu. Aliuliza kama ile akaunti haijapungukiwa ruhusa popote. Bwana Ratiba akasema haijapungukiwa, haijaongezwa, iko kama alivyoiacha. Shangazi akabaki amekaa kidogo akitazama pembeni ya kioo, akaunti isiyo na mtu ikiingia maabara, ikitoka, ikiingia stoo ya dawa, ikitoka. Kisha Bwana Ratiba akatazama saa yake. Hakukusudia ubaya, ulikuwa muda wake wa kukagua chumba cha pili. Shangazi akainuka kabla hajaambiwa.

Tukashuka. Pale kaunta akavua kadi ya mgeni shingoni, akaikunja kamba yake vizuri, akanikabidhi. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, mtoto wa mtu analia, na simu yangu inaita. Nilimwambia asitutupe, aje tena.

"Nije kumwona nani?" aliuliza.

Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua aseme nini siku hiyo ikifika, apewe kadi. Nikamwambia, "Mimi. Uje kuniona mimi." Akaitikia kwa kichwa, akasema haya, akashika mkoba wake akapita katikati ya wagonjwa kwenda nje. Hajaja tena, na mapokezi hapigi. Jibu nililompa lilikuwa la kweli, ila kwanza nilitazama ile foleni na ile simu, nikachelewa kidogo, na yule ni mtu aliyetumia maisha yake kupima muda ambao kitu kinachukua kujibu.